Kuchemsha Maji ya Ghuba la Winam Hakuondoi Sumu
Utando wa kijani unaoelea katika Ghuba la Winam, upande wa Kisumu, kwa sehemu kubwa hufanywa na sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na miongoni mwao jenasi ya Microcystis ina vifuko vya hewa ndani ya seli vinavyoiwezesha kupanda juu penye mwanga, huku baadhi ya aina zake zikitoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haimalizwi kwa kuchemsha. Moto hupasua seli na kuimwaga majini, na ndivyo ifanyavyo salfeti ya shaba, dawa inayokimbiliwa kwa haraka isiyo na busara. Kwa maji yanayonywewa maisha yote, Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita. Udhibiti wa kweli wa utando huo huanzia nchi kavu, kwenye fosforasi inayoulisha, ile inayoletwa na mbolea, udongo uliomomonyoka na majitaka, ingawa hata vyanzo hivyo vikizibwa, fosforasi iliyolala kwenye tope huweza kuendelea kurudi majini kwa miaka mingi, hasa pale maji ya chini yanapokosa oksijeni.