Wepesi wa Begani na Uzito wa Shabaha

Hakuna askari asiyeijua saa ile ya mwisho ya mwendo mrefu, ambapo bunduki iliyokuwa nyepesi alfajiri huwa nzito kama gogo. Mkanda hukata bega, mkono wa kulia hupokezana na wa kushoto, na kila mmoja husema moyoni mwake: laiti angekuwepo fundi wa kuipunguza bunduki hii japo kwa kilo moja! Fundi huyo yupo. Huko Marekani, wawindaji wa kulungu katika nyanda wazi wameuziwa kwa miaka mingi bunduki zilizopunguzwa uzito hadi kilo 3, na nyingine chini ya hapo. Twataka leo kulipima jambo hili mbele ya wasomaji wetu wa jeshi na polisi, kwa kuwa swali la mwindaji yule ni swali lao pia: je, bunduki iliyo nyepesi kubeba ndiyo iliyo bora kupigia?

Yafaa kwanza tuieleze nchi yenyewe na mnyama mwenyewe. Nyanda Kuu za Amerika Kaskazini hutoka Canada, hupita Montana, Dakota zote mbili, Wyoming, Nebraska na mashariki ya Colorado, hadi kufika Texas. Ni nchi ya nyasi, yenye miti michache isipokuwa kandokando ya mito, na upepo wake haupumziki. Humo huishi kulungu wa aina mbili: mwenye mkia mweupe, na yule ambaye kwa sababu ya masikio yake makubwa Wamarekani wamempa jina la baghala, yule mwana wa punda na farasi. Neno kulungu twalitumia kwa kukosa jingine lililo karibu. Kulungu wetu wa vichakani ana pembe za kudumu, ilhali pembe za huyu wa Amerika zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya.

Dume aliyekomaa wa kulungu huyo wa masikio makubwa aghalabu huwa na uzito wa kilo 70 hadi kupita 100. Lakini mahali ambapo risasi ikipiga humwua upesi, yaani penye moyo na mapafu, hapazidi duara la upana wa sentimita 20 hadi 25, kiasi cha sahani ya chakula. Sahani hiyo ndiyo shabaha. Mengine yote ya mwili wake ni mahali pa kumjeruhi tu.

Wanaosifu bunduki nyepesi wana hoja, nasi hatutaidharau. Katika nyanda zile mwindaji hutembea tangu macheo hadi machweo, hupanda na kushuka makorongo, na mara nyingi hufika mbele ya mnyama akiwa amechoka. Mtu aliyechoka halengi vizuri. Ndiyo sababu kampuni ya Winchester ilipotoa mwaka 1952 namna nyepesi ya bunduki yake mashuhuri, Model 70, na kuipa jina lenye maana ya wepesi wa unyoya, wawindaji waliipokea kwa furaha. Bunduki hiyo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3. Ukiongeza darubini na vifungo vyake, hupata kiasi cha kilo 3 na nusu, mzigo ambao mtu mzima aweza kuuchukua siku nzima bila ya kunung'unika.

Shida huanza pale wepesi unapofanywa kuwa ndiyo sifa pekee. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Hiyo ni sheria ya maumbile wala haina rufaa. Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 3 hulipiga bega kwa nishati inayozidi kwa theluthi moja ile ya bunduki ya kilo 4. Wasomaji wetu waliopata kubeba FAL au G3 watatuelewa mara moja. Silaha hizo hupita kilo 4 kabla ya kutiwa risasi, na hutumia risasi ya milimita 7.62 ya NATO. Risasi ya kiraia iitwayo .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, ni ndugu pacha wa hiyo. Basi na afikiri msomaji teke lile analolijua, kisha aiondolee bunduki robo ya uzito wake. Zaidi ya hayo, aweke darubini karibu na jicho lake. Wapo wawindaji wengi wanaotembea na alama ya nusu mwezi juu ya nyusi, waliyoachiwa na ukingo wa darubini.

Maumivu ya bega si kitu kwa askari. Kilicho kitu ni hofu ya maumivu hayo. Kila mkufunzi wa shabaha amemwona kuruta ambaye, kabla ya mlio, hufumba macho, hukaza shingo na kuvuta kifyatuo kwa pupa. Mkufunzi mwenye hekima huchanganya risasi bandia ndani ya magazini bila ya kumwambia mwanafunzi wake. Risasi bandia inapofika, mlio haupo, lakini mtutu hutikisika kama uliopigwa na rungu, na hapo ukweli hudhihirika. Hofu hiyo haiko kwa kuruta peke yake. Humrudia hata fundi wa zamani, iwapo atachagua bunduki nyepesi mno kwa risasi kubwa mno. Naye haitambui, kwa kuwa sauti ya mlipuko humficha aibu yake.

Kwa hiyo anayetaka bunduki nyepesi hana budi kupunguza na risasi. Hapo ndipo busara ilipo. Risasi ya .243 Winchester, iliyotolewa mwaka 1955, ilizaliwa kwa kubana shingo ya ganda la .308 ili lipokee kichwa cha upana wa milimita 6 na ushei. Kichwa hicho huwa na uzito wa gramu 6 na nusu hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Ndani ya bunduki ya kilo 3, teke lake ni dogo kuliko la .308 ndani ya bunduki ya kilo 4. Risasi ya 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 hupiga bega zaidi kidogo, lakini kichwa chake kirefu hustahimili upepo vizuri zaidi. Na .270 Winchester ya mwaka 1925 bado inaheshimiwa nyandani, ingawa katika bunduki nyepesi yataka bega lililozoea.

Tuutaje sasa upepo, kwa maana hapo ndipo wengi huanguka. Tuchukue hiyo .243, bunduki ikiwa imerekebishwa ipige katikati kwa mita 200. Kwa mita 300 risasi itakuwa imeshuka kiasi cha sentimita 20. Kwa mita 400 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita. Tena upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao nyandani huhesabiwa kuwa ni shwari, huisukuma risasi hiyo kadiri ya shubiri moja kwa mita 300. Sahani yetu ina nusu kipenyo cha sentimita 10 au 12. Maana yake, aliyelenga katikati na kuusahau upepo amekwisha kuikosa sahani, na pengine amempiga mnyama tumboni.

Bunduki nyepesi hulizidisha tatizo hilo, kwani mtutu wake mwembamba huyumbishwa na upepo huohuo na hata na pumzi ya mpigaji. Nyandani hakuna mti wa kuegemea. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twaongeza kwamba mtaka kulungu wa uwandani sharti alale kifudifudi, aweke bunduki juu ya mkoba au juu ya miguu miwili ya chuma, atulize pumzi, ndipo apige. Askari amefundishwa hayo. Ajabu ni jinsi anavyoyasahau anapovua sare.

Liko na jambo la sheria. Kanuni za Colorado haziruhusu kumpiga kulungu kwa bunduki yenye kipenyo kilicho chini ya milimita 6. Kwa hiyo risasi ya kijeshi ya milimita 5.56 haikubaliki huko. Tena kichwa cha risasi sharti kiwe cha kupanuka kinapoingia mwilini, na bunduki inayojikoki yenyewe haipaswi kuwa na zaidi ya risasi 6. Msomaji wetu atashangaa, kwa sababu yeye amefundishwa kinyume. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi za kupanuka mwilini. Vitani risasi hizo zilikatazwa ili mtu asiongezewe mateso. Mawindoni zinadaiwa ili mnyama asicheleweshewe kifo. Sheria hizi mbili zapingana kwa maneno, lakini mama yao ni mmoja, nayo ni huruma.

Kutokana na hayo twasema waziwazi. Kwa kulungu wa nyanda wazi, mtu achague bunduki ya kukoki kwa mkono, yenye uzito wa kilo 3 na nusu pamoja na darubini yake, risasi ya .243 au 6.5, na mtutu usiokatwa mno. Akiipunguza zaidi ya hapo, na ajue kwamba kila gramu aliyoiacha dukani ataidaiwa siku ya kupiga. Kisha ajiwekee mpaka: asipige mbali kuliko umbali ambao, akiwa amelala chini na upepo ukivuma, huweza kuzitia risasi zake zote ndani ya sahani ile. Kwa wengi mpaka huo ni mita 200, na hakuna aibu ndani yake. Miguu iliyombeba kilomita 10 haishindwi kumsogeza mita 100 nyingine.

Huenda msomaji wetu asikanyage nyasi za Nebraska maishani mwake, wala hatumwambii aichukue silaha ya serikali kwenda kutafutia kitoweo. Silaha hiyo ni dhamana. Hutoka ghalani kwa hesabu na hurudi kwa hesabu. Lakini somo la mwindaji yule lamhusu. Kulungu aliyepigwa tumboni haangukii machoni pa aliyempiga. Hukimbia, huvuka kilima, na hulala mahali pasipo shahidi, akingoja kufa hadi asubuhi. Aliyempiga hurudi nyumbani akisema kwamba alikosa. Kwa mtu mwenye silaha, hakuna uongo ulio mwepesi kusema kuliko huo, wala ulio mzito zaidi kuuchukua. Ndiyo maana twamwomba kila mwenye bunduki, awe wa kambini au wa kituoni, asiulize kwanza chombo chake kina kilo ngapi, bali aulize kama mkono wake waweza kutimiza kile ambacho jicho lake limekusudia.