Asiyeweza Kukosea
Wiki hii, pale stendi ya Sengerema, nimeona neno la Kiingereza nyuma ya bodaboda: infallible. "Mzee, maana yake nini hasa?" kijana mwenye bodaboda hiyo akaniuliza. Asiyeweza kukosea, nikamjibu. Mzizi wake ni Kilatini, fallere, yaani kudanganya. Sisi tuna maasumu, kutoka Kiarabu, aliyekingwa na dhambi na kosa. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza kuwa Papa hakosei, lakini pale tu anapotamka rasmi fundisho la imani au maadili. Hata sifa hiyo iliwekewa mpaka. Nasi tuliokulia kando ya Ziwa Nyanza twajua: ziwa halina bingwa, mvuvi hodari hutazama mawingu kila alfajiri. Dereva anayeamini hawezi kukosea ameshaacha kujifunza, na abiria wake ndiye atakayelipa.