Kumchagua Mwenzi wa Kwenda Naye Hadharani

Mama mmoja wa Bunda ametuletea barua, nasi tumemwomba idhini ya kuijibu hapa, kwa kuwa haja yake ni haja ya nyumba nyingi. Mwanawe, kijana wa miaka 23, aliumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki, na tangu siku hiyo huenda kwa kiti cha magurudumu. Hutengeneza simu barazani kwao na hupata riziki yake ya halali. Kila penye maulidi, arusi au mpira, binamu yake ndiye humsukuma, tena bure, kwa udugu; lakini kila mara kijana hurudi amenuna. Sasa ataka kwenda Butiama tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, naye amesema wazi kwamba hataki kwenda na binamu yake. Ataka amtafute mtu wake mwenyewe, amlipe. Mama atuuliza: Je, si aibu kumwacha ndugu wa damu na kumwajiri mtu baki?

Sisi hatuoni aibu. Wala hatusemi hivyo kwa kubahatisha, kwani wasomaji wetu wa zamani wajua kwamba presha ya macho ilituondolea nuru, na makala hizi twazisema kwa ulimi, binti yetu akaziandika. Mambo ya kuongozwa na mtu tumeyaonja.

Mwaka mmoja tulialikwa kwenye maulidi hapa Musoma, tukapewa kijana wa kutuongoza. Alikuwa mwema na mwenye adabu, ila hatukumchagua sisi, wala hakuna aliyemweleza kazi yake. Alitukalisha mkekani, akasema, "Narudi sasa hivi, Maalimu," akaenda kupiga picha. Watu waliposimama, tukasimama, walipokaa, tukakaa, kisha haja ikatubana, nasi hatukujua mlango uko upande gani. Kuuliza tuliona haya, kwa kuwa tulizungukwa na wazazi wa wanafunzi wetu. Tulirudi nyumbani na kanzu iliyonajisika, na kwa muda wa miezi minane hatukwenda kwenye mkusanyiko wowote, tukisingizia kazi za chuo. Binti yetu alitaka kuliruka jambo hili, tumemwambia aliandike.

Basi twamfahamu kijana wa Bunda. Na malalamiko yake si mapya. Katika Sunan za Abu Daud imepokewa kwamba Ibn Ummi Maktum, sahaba aliyekuwa kipofu, alimweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba nyumba yake iko mbali na msikiti, na kwamba anaye mtu wa kumwongoza lakini hawapatani. Hukumu iliyotoka katika hadithi hiyo, juu ya sala ya jamaa, wanazuoni wameieleza kwa mapana, wala si maudhui yetu leo. Twatazama neno lile moja tu: hakusema kwamba hana mtu, alisema anaye asiyemfaa. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na watu wa nyumbani huyachanganya kila siku. Lakini tusije tukawadhulumu jamaa. Kaab bin Malik alipopofuka, mwanawe Abdurrahman ndiye aliyekuwa akimwongoza kwenda Ijumaa, na kwa kuwa alikuwa akimsikiliza babake njiani, alilitambua neno ambalo mzee alilisema kila aliposikia adhana, akamwuliza maana yake. Ndugu wa namna hiyo hashindwi na mtu baki yeyote.

Neno la kwanza, basi, ni kwamba mwenye kuchagua ni yule atakayeongozwa, si mama wala baba wala imamu. Na mtu asijaribiwe siku ya shughuli yenyewe. Kijana na amchukue mtu wake sokoni Bunda siku ya kawaida, wanunue dagaa, wanywe chai. Mwenye mkahawa akimwuliza msaidizi, "Huyu atakunywa nini?" na msaidizi akamjibu, basi hafai, hata awe na kifua kipana kama mlango. Akinyamaza, akamwachia mwenyewe ajibu, huyo aajiriwe. Nguvu za mikono ni lazima, hasa kwa kiti, lakini nguvu bila masikio huwa balaa. Msaidizi hasukumi kiti kabla ya kuuliza, na penye mteremko mkali hukishusha kinyumenyume. Sisi tusioona hatupendi kuburutwa kwa mkono, sisi ndio tumshikao yeye kiwiko, naye hutangulia nusu hatua, akisema, "Ngazi, yapanda," au, "Hapa pembamba."

La pili ni makubaliano, nayo yasemwe kabla ya kupanda gari. Ujira ni kiasi gani, na je, chakula na nauli ya msaidizi vimo ndani au mbali? Pesa atashika nani? (Ashike mwenyewe.) Habari ya msalani isemwe wazi bila haya, maana ndiyo iliyotuharibia sisi. Hapo mwanamume asaidiwe na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Kwa aliyeumia uti wa mgongo liko na jingine: hana budi kuinuliwa au kujiinua kitini kila baada ya nusu saa hivi, asije akapata vidonda vya makalio, ambavyo huanza bila maumivu na huweza kuua. Msaidizi aliyezama katika hotuba hulisahau jambo hili. Na ujira ulipwe siku hiyohiyo. Hadithi ya jasho la mwajiriwa mwaijua nyote.

Kisha waulizane: msaidizi amekuja kutazama au kusaidia? Miaka ile ya 2018 hadi 2022, Biashara United ilipokuwa Ligi Kuu, tulikwenda Uwanja wa Karume na mwanafunzi wetu mmoja. Uwanja ulilipuka kwa kelele, naye akaruka pamoja nao, akapiga makofi, akakumbatiana na watu asiowajua. Sisi twamvuta shati: "Nani kafunga?" Hakutusikia. Tulipata habari kwa redio ndogo tuliyokuwa nayo sikioni. Tulimsamehe, maana furaha yake ilikuwa ya kweli, lakini mpira uliofuata tulikwenda na mtu asiyependa kandanda.

Ama Butiama, kijana ajue kwamba Mwitongo, penye kaburi la Mwalimu na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1999, ni mahali pa majabali. Apige simu kwanza, aulize kiti kitapita wapi, wala asiulize kama mwenye kuomba sadaka. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao wawataja hata waongozaji na wakalimani wa lugha ya alama. Na mwaka 2010 Bunge likatunga sheria yake. Huko Uingereza viwanja na majumba mengi ya michezo humpa msaidizi tiketi bure, kwa kuwa hakuja kwa starehe yake. Kwetu mlangoni hudaiwa watu wawili, na garini kiti hudaiwa kama gunia. Mwenye shughuli aulizwe mapema. Huenda akakubali, na asipokubali, kijana awe amekwisha kuzihesabu.

Watoke Bunda asubuhi na mapema, wateremke Makutano, na gari la kuingia Butiama walipatane wakati watu bado ni wachache.

Ama binamu, mama asimwambie yeye. Kijana mwenyewe amwambie, kwa upole, tena kabla ya Oktoba, asije akazisikia habari hizi kituoni kwa watu. Akitaka kufuatana nao kutazama, nafasi garini haikosi, na nauli yake ajilipie.