Nani Yumo Katika "Twende"? Wasikilizaji wa Lafey na Albamu ya Pili ya Eric Wainaina

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii ndiyo silaha ya kwanza anayoshika msikilizaji wa muziki wa Kenya kila msanii aliyesifiwa anapotoa albamu ya pili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa silaha hiyo hutumiwa vibaya. Mfano wangu ni Twende Twende, albamu ya Eric Wainaina iliyotoka mwaka 2006, kama nilivyoisikia ikijadiliwa nyumbani kwetu Lafey, Kaunti ya Mandera.

Hebu kwanza tukumbushane. Wainaina alianza kujulikana katika kundi la Five Alive, kisha akasomea muziki katika chuo cha Berklee mjini Boston, Marekani. Ni mtunzi anayeimba tungo zake mwenyewe, kwa sauti laini yenye ladha ya soul. Albamu yake ya kwanza, Sawa Sawa, ilitoka mwaka 2001 ikiwa na "Nchi ya Kitu Kidogo", wimbo uliowasuta wala rushwa wakati KANU ingali madarakani. Kabla ya hapo, "Daima" ulikuwa umewaliwaza Wakenya waliofiwa katika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi. Mwaka 2002 KANU iliangushwa, lakini muda si muda sakata ya Anglo Leasing ikatuonyesha kuwa kitu kidogo kilikuwa kimekua na kuwa kitu kikubwa. Si ajabu basi kwamba wengi waliingoja albamu ya pili wakitarajia rungu jingine.

Albamu hiyo ilipotoka, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Niliisikiliza kwa makini likizo iliyopita tu, nilipoicheza kwa simu katika kibanda cha chai pale Lafey. Maoni hayakukawia. Kijana mmoja wa rika langu alisema mwimbaji ameshiba, ndiyo maana sauti yake imelegea. Mwalimu mmoja alimpinga: sauti ile, alisema, imekomaa, na anayetaka kelele aende sokoni siku ya mnada wa mbuzi.

Mjomba wangu, mzee aliyejifunza Kiswahili akiwa utingo wa malori ya Isiolo, alikaa kimya mpaka nyimbo mbili zikaisha. Ndipo akauliza, "Maneno haya ni ya nani?" Nilipomwambia kuwa ni ya huyo huyo anayeimba, alishangaa. Wasomao fasihi ya Kisomali wataelewa mshangao wake. Katika nyimbo za Kisomali za karne ya ishirini, aghalabu mmoja hutunga maneno, mwingine hutia lahani, na wa tatu huimba. Heshima kubwa humwendea mtunzi wa maneno, naye hupimwa kwa mizani kali, ikiwemo sheria ya kurudia sauti ile ile ya mwanzo wa neno kutoka mshororo hadi mshororo. Mjomba hakuuliza kama albamu hii imeishinda ya kwanza. Alimtafuta mshairi.

Swali lake la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. "Hao anaowaambia twende," aliuliza, "sisi tumo?"

Mpenzi msomaji, sisi wanafunzi wa Kiswahili tungelichambua neno hilo ubaoni kwa dakika moja: kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, mzizi wa kitenzi, na kiishio cha hali ya kutaka. Lakini kwa mzee wa Lafey ile nafsi ya kwanza wingi si jambo jepesi. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wakenya wa asili ya Kisomali wathibitishe upya uraia wao, na waliopita mchujo wakapewa kadi maalumu. Mjomba angali ameihifadhi yake ndani ya sanduku la bati. Mtu aliyewahi kudaiwa ushahidi kuwa yeye ni sehemu ya "sisi" hawezi kulisikia neno "twende" bila kuuliza safari ni ya nani.

Watakuwepo watakaosema kuwa hayo ni malalamiko ya kisiasa na wala si uhakiki. La hasha! Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alitufundisha kuwa msomaji huipokea kazi ya sanaa akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na aliyoyasoma na kuyaishi. Upeo wa yule kijana ulijengwa na Sawa Sawa, ndiyo maana aliisikia albamu ya pili kama pengo tu. Upeo wa mjomba ulijengwa na tungo za kwao na kadi ya 1989, ndiyo maana alisikia kilichomo. Kati ya hao wawili, aliyefanya uhakiki ni yule asiyejua hata jina la albamu ya kwanza.

Kwa maoni yangu, basi, msanii hana deni la kutupa wimbo ule ule mara mbili. Aliyeikemea nchi mwaka 2001 ana haki ya kuialika safarini mwaka 2006, na tembo halijatiwa maji kwa sababu tu limebadilika ladha. Hata hivyo, anayealika hana budi kuulizwa amemwalika nani. Swali hilo halimshushi Wainaina hadhi. Linamchukulia kama mshairi.

Shaaban Robert hakuona haya kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji. Nasi tusione haya kuzibeba daftari zetu hadi kwenye vibanda vya chai vya Lafey, Garissa na Wajir, tuyaandike maoni ya wasikilizaji kabla wazee hawajaondoka nayo. Tasnifu zetu zimejaa sauti za watunzi, ilhali wanaoimbiwa hawasikiki. Nilimjibu mjomba kuwa tumo. Alinitazama, akamimina chai, akaniambia niucheze wimbo ule tena.