Mizinga ya Königsberg, migongo ya nani?

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Semina ya jana imeniudhi. Eti jeshi la Wajerumani hapa kwetu lilikuwa "la kisasa", kwa sababu manowari Königsberg ilipomalizwa na Waingereza ndani ya delta ya Rufiji, tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikatiwa magurudumu Dar, Lettow-Vorbeck akapigana nayo nchi kavu. Ni kweli. Lakini jamani, nani aliivuta?

Sisi wa Kibiti tunalijua lile tope! Mbung'o waliua wanyama wa kuvuta, kwa hiyo huo usasa ulitembea kwa miguu ya wapagazi, wengi wao wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Na askari wengi walianza vita 1914 na bunduki za muundo wa 1871, ukifyatua tu moshi unakutangaza ulipojificha. Usasa gani huo?

China ya wafalme wa mwisho nayo ilinunua mizinga ya Krupp na meli za Kijerumani, Japani ikaichapa 1894-95. Wachina wanahojiwa kuhusu mfumo wao. Sisi tunahesabu vyuma tu.

Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria, watu wanapiga picha. Sanamu ya Askari pale Samora, ya Waingereza, 1927, imeshika bunduki na singe. Wapagazi wameambulia maneno pale chini. Mwenye babu aliyebeba aniambie alilipwa nini.