Mchezo Kwanza, Kariakoo Baadaye

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya safari ya Dar es Salaam ambayo Chama cha Kiswahili kimeitaja tena muhula huu. Nasema mapema, kabla orodha haijabandikwa ubaoni, maana orodha ikishabandikwa huwa vigumu kuibandua. Tena nasema mimi kwa kuwa mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliokwenda, na zaidi ya hayo nilikuwa miongoni mwa walioiharibu safari yenyewe.

Wenzangu mliokuwapo mwaikumbuka orodha ile. Ilikuwa na mambo manane: uwanja wa ndege, stesheni ya treni ya umeme, Daraja la Kigamboni, Kariakoo, ufuko wa Oyster Bay, Chuo Kikuu, mchezo wa kuigiza, na chakula cha jioni. Mchezo, ambao ndio uliotufanya tuombe ruhusa na wazazi watoe fedha, ulikuwa wa saba. Tuliondoka hapa Ijumaa saa nne usiku, tukafika Mbagala jua likichomoza, na ilikusudiwa turudi usiku uleule wa Jumamosi ili tusilipie malazi. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Lakini karatasi haina foleni ya magari.

Mchezo ulikuwa ni Ngoswe, ule wa marehemu Edwin Semzaba ambao sote twausoma darasani kwa ajili ya mtihani. Ulianza saa tisa alasiri katika ukumbi mmoja wa mjini. Sisi tuliingia saa kumi kasorobo. Sababu yake ni hii, nami naiandika hapa kwa mkono wangu: tulipofika Kariakoo, mimi na mwenzangu mmoja tuliomba dakika kumi tukatafute viatu vya mpira. Yeyote aliyefika Kariakoo ajua kwamba vichochoro vyake vyote vyafanana, na kila duka lina viatu vilevile vilivyotundikwa namna ileile. Tulipoliona basi tena lilikuwa limetungoja dakika hamsini, na watu arobaini walikuwa wametukodolea macho madirishani. Mwalimu hakunikemea. Alitazama saa yake tu, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Ukumbini kulikuwa giza. Tulikanyaga miguu ya watu, tukaangusha mifuko, mpaka mama mmoja akasema kwa upole, "Kaeni, wanangu, twatazama." Wakati huo Ngoswe amekwisha kuingia nyumbani kwa Mzee Mitomingi, na kwa mtu ambaye hakukisoma kitabu ilikuwa kazi kubwa kufahamu yule kijana ni nani na karatasi zake ni za nini. Wanne wetu walilala palepale vitini kwa uchovu wa kukesha njiani. Mmoja alikoroma, wala simtaji, kwa kuwa twalala bweni moja.

Hata hivyo, kile kidogo nilichokiona sijakisahau. Kitabuni nilimjua Mitomingi kama jibu la swali: mhusika, sifa zake tatu, mifano miwili. Jukwaani alikuwa mzee mzima, mwenye maringo na kiburi cha mtu mwenye nyumba, anayechekesha kabla hajatisha. Zilipofika zile karatasi za kuhesabia watu kuchomwa moto, ukumbi mzima ulinyamaza kimya, na mimi niliyekwisha kujua tangu Kidato cha Tatu kwamba zitachomwa nilishtuka kama sikupata kuyasikia. Nadhani hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mtu aliandika maneno yale yasemwe na watu wanaotembea, si yasomwe na mtu aliyeinamia dawati. Na nusu ya maneno hayo nilikuwa nimeyaacha Kariakoo.

Kichekesho ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa ukitusema sisi. Ngoswe ni karani aliyetumwa kuhesabu watu, akafika, akamwona binti, akaiacha kazi aliyotumwa. Sisi tulitumwa kutazama mchezo, tukafika, tukaona viatu. Kazi ya karani yule si ndogo: sensa ya 23 Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kwa kila mmoja wao alihitajika mtu wa kukumbuka alichotumwa. (Siku hizi makarani hutumia vishikwambi, ambavyo labda Mitomingi angepata taabu kuvichoma.) Watu husema mambo ya Ngoswe mwachie Ngoswe mwenyewe. Siku ile mambo ya Ngoswe yalikuwa yetu.

Nilipokwenda likizo nyumbani Sudi, baba aliniuliza habari za safari. Baba yangu ni mvuvi, na shilingi 40,000 za mchango wangu zilitoka katika nguru wake, tena katika wiki ambayo upepo haukuwa mwema. Nikamweleza treni, nikamweleza daraja na maghorofa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maghorofa nimeyaona mwenyewe, mwanangu. Huo mchezo ulianzaje?" Sikuwa na jibu. Nilianza kumweleza kutoka kitabuni, lakini baba si mtu wa kudanganywa, akageukia nyavu zake.

Kwetu Sudi hatuna jumba la michezo ya kuigiza, lakini siku ya kutazama jambo twajua kuipanga. Ikiwa usiku kuna ngoma, siku nzima ni ya ngoma. Asubuhi watu hufagia uwanja na kukusanya kuni. Mchana akina mama hupika mapema. Jioni vijana huwasha moto wa kukausha ngozi za ngoma ili zitoe sauti, na watoto hulazwa kidogo ili wasisinzie baadaye. Hakuna anayefika kiwanjani ametoka mbio sokoni na mfuko kichwani, na akitokea, ataulizwa kama kwao hakuna wazee. Kadhalika siku ya bamvua: maji yakipwa, wanaokwenda mwambani kutafuta pweza huenda saa ileile, mambo mengine yote yakangoja. Hapana aliyeyaambia maji yamsubiri amalize shughuli zake kwanza.

Basi naona safari yetu ipangwe namna hiyo, mchezo uwe ndio maji, na mengine yote yaupishe.

Kwanza, tusidanganyane juu ya urefu wa njia. Kutoka Lindi mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 450, yaani saa nane hivi kwa basi likienda salama. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003 hakuna tena kungoja kivuko, lakini mvua zina nguvu zao. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Kilwa na magari yakakwama huku na huku. Kwa hiyo twende miezi ya kiangazi, na twende Ijumaa asubuhi, tulale, tutazame Jumamosi, turudi Jumapili. Siku ya mchezo isiwe na safari ndefu ndani yake. Malazi si lazima yawe ya fedha nyingi. Barua iandikwe mapema kwa shule yenye bweni, magodoro yetu tuyabebe wenyewe.

Saa nane za njiani nazo tusizipoteze kwa usingizi na nyimbo tu. Kitabu kisomwe basini kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Na yule atakayechoka na Ngoswe aombe Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa mwaka 1969, maana mchezo ule ni wa nchi tunayoipita. Mwandishi ni mzaliwa wa kusini huku, na habari yake ni ya Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, na ya mganga wa Ngarambe ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Kuusoma mchezo ule huku basi likivuka maji ya Rufiji, nadhani hata wale wa viti vya nyuma watanyamaza.

Jumamosi yenyewe tuchague jambo moja la asubuhi, au mawili yaliyo karibu na ukumbi. Mimi nachagua Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, iliyofunguliwa mwaka 1940. Ipo katika Mtaa wa Shaaban Robert, na kwa wapenzi wa Kiswahili kusoma jina lile pembeni mwa njia ni furaha yake peke yake. Ndani mna habari za Zinjanthropus, aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, na mna vitu vya kale vilivyochimbuliwa Kilwa. Sisi watu wa pwani hii twapaswa kuona aibu kidogo kwamba vyombo vya jirani zetu vyakaa mbali namna ile, nasi hatujavitazama. Kutoka hapo mtu huweza kutembea kwa miguu mpaka sanamu ya Askari, iliyosimama tangu mwaka 1927, na kushuka Kivukoni kupunga upepo wa bahari. Yote hayo bila kupanda gari. Hiyo ndiyo faida kubwa, kwa sababu adui wa watazamaji katika mji ule ni foleni, na foleni humpata aliye ndani ya gari.

Chakula kiliwe saa saba. Mwaka jana tulitazama na njaa, na mtu mwenye njaa huhesabu dakika. Baada ya kula watu wapumzike kivulini, wala isionekane kuwa saa hiyo imepotea. Ukumbini tufike nusu saa kabla: watu waende msalani, wanywe maji, wakae, wazitazame taa na jukwaa tupu. Jukwaa tupu nalo ni sehemu ya mchezo, nasi hatukuliona.

Mchezo ukiisha, tusikimbilie basini. Mwalimu awaombe waigizaji robo saa watuzungumzie. Nadhani hawatakataa, kwa kuwa mwigizaji gani hapendi kuulizwa? Jioni tukae mahali pamoja tubishane. Mimi bado nataka kubishana juu ya Mazoea, kama alitenda kosa au alitendewa.

Najua nitajibiwa. Mwenzangu mmoja, ambaye ni mwana hesabu hodari, aliniambia kwamba kuona mji nako ni elimu, na kwamba mtoto wa kijijini hapati nafasi kila mwaka ya kuiona treni ya umeme. Neno lake lina haki, sitaki kulidharau. Kwa hiyo Kariakoo iwepo, lakini iwe Jumapili asubuhi, saa moja na nusu tu kabla ya kuondoka, na atakayepotea apotee kwa saa zake mwenyewe. Treni ya umeme iombewe safari nyingine. Mwingine ashauri tuongeze na Bagamoyo, kwa kuwa huko kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 na tamasha lake lina sifa. Bagamoyo ni njema, illa ni zaidi ya kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, na kuichomeka katika siku ileile ndiko kule kule kwa mambo manane.

Lililo gumu kuliko yote ni fedha. Malazi ya siku mbili yataongeza mchango, na wazazi wetu wengi ni wavuvi na wakulima wa korosho na ufuta, ambao fedha zao huja kwa msimu. Mwaka jana watu kumi na wawili wa darasa letu walibaki kwa kukosa shilingi 40,000. Nashauri Chama kiigize sehemu ya Ngoswe hapa shuleni mbele ya wanakijiji kwa kiingilio cha shilingi 500, na fedha zote ziwasaidie wasio na mchango. Hata tukiigiza vibaya, tutakuwa tumejifunza jinsi mchezo unavyoanza.

Mmoja wa wale kumi na wawili ni jirani yangu wa kitanda. Usiku ule tuliporudi alikuwa macho akiningoja. Alikuwa amekisoma kitabu mara tatu, naye aliniuliza swali lilelile ambalo baba aliniuliza baadaye: pazia lilipofunguka, ulimwona nani kwanza? Nikamwambia nimechoka, nikajifunika shuka.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho kwa Mkuu wa Shule na Mwalimu wa Kiswahili ni kwamba sisi tuliokwenda mwaka jana tuwapishe wale ambao hawakwenda, tukianza na mimi. Mtihani wetu ni Novemba, nafasi nyingine hawatakuwa nayo. Basi litakaporudi Jumapili usiku nitakuwa langoni na taa, nimbebee jirani yangu godoro lake, na nina swali moja tu la kumwuliza.