Mbege na mtori vipewe heshima yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwapongeze wapika mbege (pombe ya ndizi na ulezi) wa Marangu. Hivi karibuni nilirudi kwenye kilabu ninachokipenda kuliko vyote huko, chenye jiko la chakula pembeni, nikakuta ubora ni uleule. Ndizi mbivu bado zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, kisha unaongezwa uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wa mbege unatoka kwenye magome ya msesewe, nao unapunguza utamu wa ndizi. Jikoni kuna mtori mzito wa ndizi na nyama ya ng'ombe, pamoja na kiburu cha ndizi na maharage. Ukishushia na kata ya mbege, hutamani kingine.

Nawaomba wenye hoteli za Moshi na Arusha waweke mbege kwenye orodha ya vinywaji vyao, na wainunue kwa akina mama wanaoipika, kwa bei ya haki. Mbege haikai siku nyingi, hivyo agizeni kidogo kidogo na mara kwa mara. Ujuzi huu unastahili kulipwa vizuri.

Msomaji wako,
Moshi